Draiva za vifaa vya zamani zinazogoma kwenye Windows 10 na 11: tusaidiane kabla hujatupa kifaa kizima

#1 Mleta mada

Wakuu, kuna ushauri mmoja unaorudiwa kila anapojitokeza mtu mwenye skana, kadi ya sauti au kebo ya seriali ya zamani inayogoma kwenye Windows mpya: "zima ukaguzi wa sahihi, weka Test Mode, maliza." Sahihi hapa ni muhuri wa kidijitali unaoonyesha draiva (programu inayounganisha kifaa na Windows) imetoka kwa nani, na Test Mode ni hali ya Windows inayolegeza ukaguzi huo. Wachache huwafaa. Wengi huwapotezea muda kwa sababu tatizo lao halikuwa la sahihi tangu mwanzo, na wengine hubaki na kompyuta isiyo na kinga kwa miezi kwa ajili ya kifaa ambacho kingefanya kazi bila hayo yote. Naweka uzi huu ili tuanze kwa kujua ni nini hasa kinachokataa.

Anza na biti, sahihi baadaye. Windows ya biti 64 haipakii kabisa draiva ya kerneli (kiini cha Windows) ya biti 32. Hakuna swichi wala amri ya kuilazimisha. Programu za kawaida za biti 32 zinakubali kwa sababu Windows imezitengea tabaka lake la kuzipokea, lakini draiva inaishi ndani ya kerneli na huko tabaka hilo halipo. Windows 11 haina hata toleo la biti 32, kwa hiyo kama CD ya kifaa chako ilitoka enzi za XP na ina draiva za biti 32 tu, kuzima ukaguzi wa sahihi hakutabadilisha kitu.

Kuhakiki ni rahisi. Fungua faili la .inf (maelekezo ya kusakinisha draiva) kwa Notepad utafute NTamd64. Usihangaike na jina la AMD, hata kompyuta za Intel zinatumia neno hilohilo. Kama halimo, draiva hiyo si ya biti 64. Ukitaka uhakika zaidi, fungua .sys, yaani draiva yenyewe, kwa Notepad. Mwanzoni kabisa, chini kidogo ya sentensi "This program cannot be run in DOS mode", utaona herufi PE na baada yake L au d. L ni biti 32, d ni biti 64. Kingine chote kitakuwa takataka za alama, usizijali, na usihifadhi faili hilo wakati wa kufunga.

Sasa tukija kwenye sahihi: Windows inakagua mara mbili, nyakati mbili tofauti, na watu wengi wanachanganya hapo.

Ukaguzi wa kwanza ni wakati wa kusakinisha. Kifurushi cha draiva huja na faili la .cat, yaani katalogi, lenye alama ya kihesabu ya kila faili la kifurushi, .inf ikiwemo, na katalogi ndiyo iliyotiwa sahihi. Ukibadilisha hata herufi moja ndani ya .inf, alama hailingani tena na utaletewa ujumbe "The hash for the file is not present in the specified catalog file". Kama katalogi haipo kabisa, ujumbe ni "The third-party INF does not contain digital signature information". Soma ujumbe wenyewe neno kwa neno, kwa sababu hizi ni hali mbili tofauti.

Ukaguzi wa pili ni kila mara kerneli inapopakia .sys. Hapo inatafuta sahihi iliyopachikwa ndani ya .sys yenyewe, au katalogi iliyokwisha kusajiliwa kwenye mfumo. Ikikosa, kifaa kinapata alama ya njano ndani ya Device Manager (orodha ya vifaa ya Windows) na maelezo yanasema Code 52.

Ukaguzi huu wa kerneli ulianza na Vista ya biti 64. Mwaka 2016 likaja sharti lingine: kuanzia Windows 10 toleo 1607, draiva mpya za kerneli lazima zipitie kwa Microsoft zitiwe sahihi huko. Lakini yaliachwa mapengo ya makusudi. Draiva iliyotiwa sahihi kwa cheti (kitambulisho cha kidijitali cha anayetia sahihi) kilichotolewa kabla ya tarehe 29 Julai 2015, na chenye mnyororo wa wadhamini unaotambulika, inaendelea kukubaliwa. Ndiyo maana draiva nyingi za Windows 7 ya biti 64 zinapakia vizuri kwenye Windows 11. Draiva ya zamani si lazima iwe draiva isiyo na sahihi. Mara nyingi kinachogoma ni programu ya kusakinisha, ile Setup.exe inayoangalia namba ya toleo la Windows na kusema haiutambui mfumo. Ifungue kwa 7-Zip, toa folda yenye .inf, .cat na .sys, kisha ndani ya Device Manager chagua Update driver, Browse, Let me pick, Have Disk. Nimeona vifaa vingi vikifufuka kwa hatua hiyo tu, bila kugusa ulinzi wowote.

Kama CD imepotea, nenda kwenye Microsoft Update Catalog. Chukua kitambulisho cha kifaa kwenye Device Manager, upande wa Details, Hardware Ids, kitu cha namna ya USB\VID_xxxx&PID_xxxx, ukitafute hichohicho. Utapakua faili la .cab, ulifungue kwa amri:

expand faili.cab -F:* C:\draiva

Draiva zilizopo huko zina sahihi, na huhitaji kwenda kuchimba kwenye tovuti za "draiva za bure" ambazo zinakupa kila kitu isipokuwa ulichotafuta. Hizo tovuti naomba tusiziweke hata viungo vyake humu.

Leteni kesi zenu.

#2 Mchangiaji

Mkuu asante kwa elimu. Mimi nilifuata njia ya Shift na Restart, nikaenda Startup Settings, nikabonyeza 7, ile ya kuzima ukaguzi wa sahihi. Draiva ikakubali, kifaa kikafanya kazi vizuri kabisa. Nilipozima na kuwasha asubuhi, Code 52. Nikirudia, kinafanya kazi tena mpaka nizime. Kwa nini?

#3 Mleta mada

Kwa sababu namba 7 ni ruhusa ya uwashaji mmoja tu. Katika kikao hicho inaondoa ukaguzi wote, wa kusakinisha na wa kupakia. Ukiwasha tena, ukaguzi wa kupakia umerudi na .sys yako haina sahihi inayokubalika.

Lakini kuna watu kwao namba 7 mara moja inatosha milele, nao wanaapa kwamba ndiyo dawa. Hawadanganyi. Tofauti iko hapa: kama kilichobadilishwa ni .inf tu, mfano umeongeza namba ya kifaa chako kwenye orodha, lakini .sys inayotumika ina sahihi halali iliyopachikwa ndani yake, basi tatizo lilikuwa la kusakinisha peke yake. Ukishavuka hapo, kerneli haina ugomvi na .sys.

Kwa hiyo mkuu, bonyeza .sys yako kwa kitufe cha kulia, Properties, uangalie kama kuna kichupo cha Digital Signatures. Kisipokuwepo, na katalogi ya asili nayo imekosekana, huna njia ya kudumu kupitia namba 7. Kikiwepo na bado unapata Code 52, fungua uone cheti ni cha nani, na tarehe yake. Tupe majibu.

#4 Mchangiaji

Mimi nimejaribu amri ya kuwasha Test Mode, bcdedit /set testsigning on, kwenye Command Prompt ya msimamizi, inaniambia "The value is protected by Secure Boot policy and cannot be modified or deleted". Nikizime Secure Boot?

#5 Mleta mada

Dada/kaka, kabla hujagusa Secure Boot (kinga inayohakiki programu za uwashaji), tafadhali soma hili kwanza, maana hapa ndipo watu wanapopoteza data.

Kompyuta nyingi mpya zinakuja diski ikiwa tayari imesimbwa kwa BitLocker au Device encryption, hata kama mwenyewe hukuwahi kuiwasha. Ufunguo umehifadhiwa kwenye TPM (chipu ya usalama), na TPM inautoa pale tu hali ya uwashaji inapokuwa ileile. Ukizima Secure Boot, hali imebadilika, na kompyuta inakudai ufunguo wa kurejesha wa tarakimu 48. Usipokuwa nao, diski imefungwa na hakuna fundi wa kukufungulia. Hata kuingia tu kwenye menyu ya Startup Settings kunaweza kukuletea dai hilo.

Kwa hiyo, kwanza andaa ufunguo. Angalia kwenye akaunti yako ya Microsoft, au endesha:

manage-bde -protectors -get C:

Uandike karatasini, usiuache kwenye diski hiyohiyo. Kisha simamisha ulinzi kwa muda:

manage-bde -protectors -disable C: -rebootcount 0

Ndipo uingie UEFI (mipangilio ya msingi ya kompyuta) uzime Secure Boot. Ukishamaliza kila kitu, rudisha kwa -enable.

La pili, ambalo maelekezo mengi ya mtandaoni hayasemi: Test Mode haikubali draiva isiyo na sahihi yoyote. Inakubali draiva yenye sahihi ya cheti chochote, hata ulichojitengenezea nyumbani. Draiva tupu kabisa bado itakupa Code 52 huku maneno Test Mode yakikutazama pembeni mwa skrini. Lazima uitie sahihi wewe. Unahitaji zana za inf2cat na signtool, zinazopatikana kwenye vifurushi vya wasanidi vya Microsoft, WDK na SDK. Kwenye PowerShell ya msimamizi:

New-SelfSignedCertificate -Type CodeSigningCert -Subject "CN=Draiva Zangu" -CertStoreLocation Cert:\LocalMachine\My

Cheti hicho kinakili, bila ufunguo wake wa siri, ukiweke kwenye Trusted Root Certification Authorities na Trusted Publishers za kompyuta, si za mtumiaji. Hakikisha ndani ya .inf kuna mstari wa CatalogFile, kisha:

inf2cat /driver:C:\draiva /os:10_X64

signtool sign /fd SHA256 /sm /s My /n "Draiva Zangu" C:\draiva\jina.cat

Kama kifaa kinapakia mapema wakati wa kuwasha, kwa mfano kidhibiti cha diski, tia sahihi .sys pia, na ufanye hivyo kabla ya inf2cat, la sivyo alama za katalogi hazitalingana. Halafu:

pnputil /add-driver C:\draiva\jina.inf /install

Ikigoma bado, fungua C:\Windows\INF\setupapi.dev.log uende mwisho kabisa. Mistari inayoanza na alama tatu za mshangao ndiyo inayoeleza kilichokwama. Logi hiyo inasema mengi kuliko dirisha lolote la Windows.

#6 Mchangiaji

Wakuu mimi nina kebo ya USB kwenda seriali, chipu PL2303. Windows 10 inanipa Code 10, na kompyuta ya 11 inaandika kwa herufi kubwa PL2303HXA PHASED OUT SINCE 2012. Nimeshaweka Test Mode na namba 7, hakuna mabadiliko.

#7 Mleta mada

Toa Test Mode leo hii mkuu, haihusiki. Draiva yako ina sahihi safi kabisa na inapakia. Inachofanya ni kusoma chipu, kuona ni ya familia iliyositishwa, na kukataa kuihudumia. Huo ni uamuzi ulioandikwa ndani ya draiva yenyewe.

Dawa ni kurudi kwenye draiva ya zamani ya mtengenezaji huyohuyo, ambayo haikuwa na ukaguzi huo. Toleo 3.3.2.105 linajulikana sana kwa kazi hii, na lina sahihi. Lisakinishe, nenda Device Manager, Update driver, Browse, Let me pick, uchague toleo hilo kwenye orodha. Windows Update inaweza kukurudishia jipya siku yoyote, kwa hiyo kifaa kikigoma tena ghafla, angalia namba ya toleo kabla ya kulaumu kebo.

Wenye kebo za chipu za FTDI na CH340 nao wasome hapa. VID ni namba ya mtengenezaji, PID ya bidhaa: VID_0403 ni FTDI, VID_1A86 ni CH340, na zote zina draiva mpya zenye sahihi. Ukiona FTDI yenye PID ya 0000, hiyo ni kumbukumbu ya mwaka 2014, draiva ya FTDI ilipokuwa ikifuta namba ya chipu bandia zinazojifanya zake. Na kama kifaa chako kinajitambulisha kwa kiwango cha CDC ACM (seriali kupitia USB), kama bodi nyingi za majaribio, Windows 10 na 11 zinakitambua zenyewe kupitia usbser.sys, huhitaji draiva yoyote ya nje.

#8 Mchangiaji

Kwa nini usiwaambie watu watumie tu Zadig, ile programu ya kusakinishia vifaa vya USB draiva? Dakika moja, Secure Boot imewashwa, hakuna Test Mode, hakuna bcdedit.

#9 Mleta mada

Umenikumbusha jambo zuri, na kwa vifaa vingine ndiyo njia bora kuliko zote. Tueleze kwa nini inapita, ili mtu ajue lini itamfaa.

Zadig inatengeneza .inf na katalogi papo hapo, inaitia sahihi kwa cheti inachojitengenezea, inakisajili cheti kwenye kompyuta yako na kuharibu ufunguo wake wa siri ili asiutumie mwingine. Hapo ukaguzi wa kusakinisha umeridhika. Kwa kerneli haina haja ya kupambana, kwa sababu .sys inayotumika ni winusb.sys, draiva ya jumla ya USB ya Microsoft yenyewe. Ni usafi wa hali ya juu.

Ila sasa kifaa kinaongea lugha ya WinUSB. Programu inayojua libusb au WinUSB itakipata: redio za SDR (zinazoendeshwa kwa programu), vichoma chipu, vifaa vya maabara. Programu ya asili ya skana yako inayotafuta draiva ya asili haitaona kitu. Na chunga sana unachochagua kwenye orodha. Ukiweka WinUSB kwenye kibodi au kipanya chako, hakitafanya kazi mpaka uondoe draiva hiyo.

#10 Mchangiaji

Mimi kompyuta yangu iko Test Mode tangu nilipoinunua, haijawahi kupata virusi. Hii hofu naona mnaikuza. Sahihi zenyewe zinaibwa, ile programu hasidi ya Stuxnet si ilikuwa na sahihi halali?

#11 Mleta mada

Ni kweli, na ni hoja ya maana. Draiva za Stuxnet, iliyogunduliwa 2010, zilitiwa sahihi kwa vyeti vilivyoibwa kutoka Realtek na JMicron. Sahihi haisemi kwamba draiva ni njema, inasema tu imetoka kwa nani na haijabadilishwa. Hata leo washambuliaji hubeba draiva halali zenye udhaifu na kuzitumia kama mlango wa kerneli, ndiyo maana Windows 11 kuanzia 22H2 ina orodha ya draiva zilizopigwa marufuku, ikiwa imewashwa tangu kiwandani.

Lakini angalia maana yake, mkuu. Wale walilazimika kuiba cheti cha kampuni. Kwenye kompyuta yako, programu yoyote mbaya ikishapata ruhusa ya msimamizi mara moja, inajitengenezea cheti chake kwa mstari mmoja, ule niliouandika kwenye #5, na inaingia kerneli. Huko ndani antivirusi inazimwa kimyakimya. Kutoona virusi si ushahidi, kwa sababu kinachokaa kerneli kina uwezo wa kujificha kwa kila unachokitumia kukitafuta.

Sisemi mtu asitumie Test Mode. Kwenye kompyuta ya karakana isiyo na benki wala barua pepe, haina neno. Kwenye kompyuta unayofanyia maisha yako yote, hapana. Kuna pia michezo yenye ulinzi wa udanganyifu ambayo haifunguki ukiwa Test Mode.

#12 Mchangiaji

Skana yangu ina draiva ya XP tu, biti 32, nimethibitisha kwa ile herufi L. Basi ndiyo mwisho wake?

#13 Mleta mada

Hapana! Kwa kifaa cha USB una njia mbili nzuri.

Ya kwanza ni kompyuta pepe. Sakinisha VirtualBox, ndani yake Windows XP au 7 ya biti 32, kisha kwenye mipangilio ya USB ikabidhi skana. Windows yako ya nje haihitaji draiva ya skana hata kidogo, inapitisha tu mawasiliano ghafi, na draiva ya zamani inaishi ndani ya mfumo iliotengenezewa. Secure Boot inabaki imewashwa. Kwa kuwa masasisho ya kawaida ya usalama ya XP yalikoma Aprili 2014, izimie mtandao kabisa na upitishe picha kwa folda ya pamoja. Njia hii haisaidii kadi za PCI.

Ya pili ni Linux. Mradi wa SANE, wa draiva za skana kwenye Linux, una orodha ndefu ya skana ambazo watengenezaji wake walishazisahau. Washa Linux kutoka kwenye diski ya USB bila kusakinisha chochote, chomeka skana, fungua programu ya kuskani. Ikionekana, umepata jibu kabla ya kubadilisha kitu kwenye kompyuta yako.

Kwa printa ni rahisi zaidi. Kama inaelewa lugha ya uchapishaji ya PCL au PostScript, chagua draiva ya jumla yenye sahihi hata kama jina la modeli halilingani. Utapoteza vitu vidogo kama kipimo cha wino, lakini karatasi itatoka.

#14 Mchangiaji (wa #2)

Nimerudi mkuu. Kichupo cha Digital Signatures kipo, cheti ni cha 2011. Nilikuwa nimechukua .inf iliyohaririwa na mtu mtandaoni, na .sys yake. Nilipotoa kifurushi cha asili kwa 7-Zip na kusakinisha kwa Have Disk, hakikudai hata namba 7. Code 52 imeondoka, ila sasa ni Code 39.

#15 Mleta mada

Safi, umevuka sahihi. Inaelekea ile .sys ya mtandaoni ilikuwa imechezewa, na sahihi iliyopachikwa haivumilii hata baiti moja kubadilika.

Code 39 kwenye draiva ya umri huo, mtuhumiwa wa kwanza ni Memory integrity. Fungua Windows Security, Device security, Core isolation. Kipengele hicho kinadai draiva iwe imeandikwa kwa namna ambayo msimbo na data havichanganyiki kwenye kurasa za kumbukumbu zilezile, na draiva nyingi za wakati ule hazikuandikwa hivyo. Ukikizima na kuwasha upya, kifaa kitapakia kama hilo ndilo lililokuwa tatizo. Ni kinga halisi unayoitoa, kwa hiyo kama kifaa ni cha kutumia mara mojamoja, kizime siku ya kazi ukiwashe ukimaliza.

Kabla ya hapo hebu niambie, ni kifaa gani hasa? Kama ni kadi ya sauti ya FireWire, usizime chochote bado. Jaribu kwanza kubadilisha draiva ya kidhibiti cha 1394 (yaani FireWire) uweke ile ya Microsoft inayoishia na neno Legacy. Ilikuwamo ndani ya Windows 7, ikaondolewa baadaye, kisha Microsoft wakaitoa kama kifurushi cha kupakua. Ina sahihi yao, na vifaa vingi vya sauti vya FireWire vinaitegemea hiyo.